Shafti ya mbele imegoma: mtaimbo, slaidi hama, au ukiache kikombe ndani?

Nati ya habu (kitovu kinachobeba tairi) imefunguka, boljointi imeachia, tairi umelilaza chini ya ubavu wa gari kwa usalama, na shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi la mbele, haitoki. Hapo ndipo wengi wanaofanya kazi hii nyumbani hukwama. Hapo pia ndipo hasara huanza, kwa sababu mtu akishachoka huokota chochote kilicho karibu akaanza kugonga.

Nimetoa shafti za mbele uani kwangu Tabata mara kadhaa, kwenye Toyota IST yangu na kwenye magari ya ndugu na majirani: Raum, Vitz mbili, Honda Fit moja. Njia nitakazozitaja nimezijaribu karibu zote, hata ile ambayo sitaki uijaribu. Nazipanga hapa moja kando ya nyingine ili Jumamosi saa tano asubuhi, gari likiwa juu, ujue ushike ipi.

Imegoma upande gani?

Shafti inashikwa sehemu mbili, na kila sehemu ina ugomvi wake. Upande wa tairi, meno ya shafti yamepita ndani ya habu na kukazwa na nati kubwa. Kinachoshika huku ni kutu. Upande wa giaboksi, meno yameingia kwenye gia ya difu (kifaa ndani ya giaboksi kinachogawa nguvu kwa tairi mbili), na kinachozuia yasichomoke ni klipu: ringi nyembamba ya chuma iliyokatwa sehemu moja, imekaa kwenye mfereji karibu na ncha ya shafti. Dawa ya kutu haisaidii klipu, na mshtuko unaoishinda klipu unaweza kuharibu habu. Kwa hiyo jua kwanza unapigana na nini.

Kutu ya upande wa tairi tunayo ya kutosha Dar. Magari yanayolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi yanapumua chumvi ya bahari usiku kucha. Yapo yaliyowahi kupita kwenye maji ya Jangwani mvua za masika. Na yapo yaliyofika bandarini na kutu yao tayari: Japani, mikoa ya theluji kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hukaa chini ya gari miaka. Chungulia chini kabla hujashika spana. Kama mikono ya chini inayoshikilia tairi imebanduka magamba ya kahawia, panga siku mbili, usipange asubuhi moja.

Upande wa tairi: nyundo au pula

Nati hulegezwa gari likiwa limekaa chini kwa tairi zake, breki ya mkono imevutwa. Toyota ndogo nyingi hutumia soketi ya milimita 30. Angalia kwanza imefungwaje: nyingine zina kofia na pini ya kupasua, nyingine ukingo wa nati umebonyezwa ndani ya mfereji wa shafti. Ule ukingo unyanyue kwa tindo ndogo mpaka uinuke kabisa, la sivyo utakula hesi (mizunguko ya skrubu kwenye ncha ya shafti) wakati nati inatoka, na hesi zikiliwa shafti nzima haina kazi.

Nyundo ina sifa moja kubwa: unayo tayari. Kwa gari ambalo shafti yake ilitolewa miaka michache iliyopita, mara nyingi inatosha. Rudisha nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, weka kipande cha shaba au mbao ngumu juu yake, gonga mapigo machache, mazito, yaliyonyooka. Nyundo nyepesi ndiyo mbaya zaidi. Inatandaza ncha kama uyoga bila kusogeza kitu. Hakikisha pia jointi ya nje, ile ya upande wa tairi, imenyooka unapogonga. Ndani yake kuna gololi zilizopangwa kwenye mifereji, mtindo ambao Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, aliubuni miaka ya 1920, na pigo likija jointi ikiwa imepinda, gololi chache ndizo zinazobeba kila kitu.

Pula ya habu hufungwa kwenye boliti za tairi, kisha skrubu ya katikati inasukuma shafti kurudi ndani. Haina mshtuko, haitandazi ncha, na faida yake kubwa ni kwamba inafanya kazi wewe ukiwa haupo. Jioni unapuliza dawa ya kutu kwenye meno, unakaza pula mpaka igome, unakwenda kulala. Asubuhi unakaza robo mzunguko, unagonga habu kidogo pembeni, na mara nyingi unasikia mlio mmoja mkavu: imeachia. Ubaya wake ni kwamba wengi hatuna. Mafundi wengi wanayo, na fundi anayekufahamu atakuazima ukimwachia dhamana.

Nikiulizwa nichague, gari la pwani au lenye magamba ya kutu nalipeleka moja kwa moja kwenye pula. Gari kavu, nyundo. Moto wa gesi sigusi huku kabisa. Kuna beringi yenye grisi na sili zake, kuna raba buti (mfuko wa raba unaofunika jointi na grisi yake), na kwa magari yenye ABS, breki zisizofunga tairi, kuna kihisi na meno yake, vyote ndani ya shubiri moja kutoka pale unapoelekeza moto.

Ikishaachia usiiache ining'inie. Ifunge kwa waya kwenye springi ya shokapu. Shafti inayoning'inia inavuta jointi ya ndani, inachana raba, na gari uliyoingia kubadilisha raba moja sasa inadai mbili.

Upande wa giaboksi

Huku ndiko penye kazi yenyewe.

Elewa klipu inavyofanya. Ili shafti itoke, ile ringi lazima ibanwe, izame ndani ya mfereji wake, ipite kwenye mdomo wa gia ya difu. Ukingo wa mdomo umekatwa mshazari ili kuisaidia kuzama. Ukivuta polepole, hasa ukivuta ukiinamia upande mmoja, ringi inaning'inia upande mmoja na kushika zaidi. Mshtuko wa ghafla ulionyooka unaibana pande zote kwa mara moja. Na kwa kuwa ringi huwa inalegea kidogo kwenye mfereji, mahali pa mwanya wake pana maana: ikigoma, zungusha shafti robo mzunguko kwa mkono, ujaribu tena. Zungusha robo nyingine. Nimeona shafti iliyokataa dakika arobaini ikatoka kwa pigo dogo baada ya kuzungushwa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba jointi ya ndani haishiki mvuto. Ni kikombe, na ndani yake kuna miguu mitatu yenye vigurudumu inayoteleza kwenda na kurudi ili shafti irefuke na kufupika tairi likipanda na kushuka. Ukivuta shafti yenyewe, unachovuta ni ile miguu mitatu. Kikombe kinabaki palepale.

Hapo ndipo nilipoumia mara ya kwanza. Niliivuta shafti ya kushoto ya IST kwa nguvu zangu zote, nikarudi kinyumenyume na shafti mkononi, nikadhani nimeshinda. Kikombe kilikuwa bado kwenye giaboksi, grisi nyeusi imetapakaa kwenye mchanga, raba imechanika. Mzee mmoja fundi, jirani, alikuja akatazama akasema, "Mwanangu, umeifungua jointi, hujaitoa shafti." Maneno hayo nitayarudia mbele kidogo, maana yalikuwa na faida ambayo siku ile sikuiona.

Sasa njia zenyewe.

Mtaimbo, au tairi liva ndefu, unaingizwa kati ya kikombe na mwili wa giaboksi, kisha unaukandamiza kwa ghafla. Nasisitiza kwa ghafla. Wengi huegemea mtaimbo kwa uzito wao wote, wakasubiri. Hiyo siyo. Kwa shafti ya kawaida mtaimbo wa ghafla ndiyo njia ninayoanza nayo, na shafti nyingi zinatoka hapa hapa. Lakini angalia unaegemea wapi. Giaboksi ni aluminiamu, laini ukilinganisha na chuma cha mtaimbo, na oili sili, ringi ya raba inayozuia oili isivuje, imekaa pale pale pembeni ya kikombe. Mtaimbo ukizama sentimita moja zaidi ya inavyotakiwa, ncha yake inachana sili. Weka bapa la chuma au kipande cha mbao pale mtaimbo unapoegemea, na badilisha upande: juu, chini, nyuma. Kukandamiza upande mmoja tu kunapindisha kikombe na kuishikisha klipu.

Kabari ni ndugu ya mtaimbo. Wengine hutumia ule uma wa kung'olea boljointi, wanaupigilia kwa nyundo kati ya kikombe na giaboksi. Inasaidia pale mwanya ulipo mwembamba sana kwa mtaimbo, na pigo lake ni la ghafla, ndilo klipu inalotaka. Lakini makosa ya kabari hayarudishiki. Nimeona giaboksi iliyobonyea mdomoni kwa sababu ya kabari, ikavujisha oili hata baada ya sili mpya. Mimi naitumia nikiwa na kabari mbili zinazoingia pande mbili zinazotazamana, nagonga huku na huku kwa zamu. Kwa kabari moja, hapana.

Slaidi hama, nyundo ya kuteleza, ndiyo jibu langu kwa shafti iliyogoma kweli. Ni nondo ndefu yenye uzito unaoteleza juu yake. Mbele kuna bamba lenye mkato kama herufi U, linaingia nyuma ya kikombe. Unaurusha uzito kuja kwako, unagonga kizuizi cha mwisho, na mshtuko wote unakwenda kwenye kikombe, kwa mstari ulionyooka, bila kuegemea giaboksi. Ukiifikiria ile klipu, utaona kwamba chombo hiki kimetengenezwa kana kwamba mtu alikaa nayo akaisikiliza.

Si lazima ununue ya dukani. Yangu ilichomelewa na fundi wa mageti huku mtaani: nondo laini ya milimita 20 yenye urefu wa sentimita 70 hivi, bamba la milimita 10 lililokatwa U, na kipande cha bomba zito kilichojazwa chuma kama kilo tatu. Pima kwanza mwanya wa nyuma ya kikombe chako na unene wa shingo yake, ndipo ukate U. Bamba likiwa nene mno halitaingia. Likiwa jembamba mno litajikunja pigo la pili.

Ubaya wa slaidi hama ni nafasi. Lazima uweze kuvuta kwa kunyooka, na kwenye gari lililoinuliwa kidogo tu, mkono wako na uzito vinagombania sehemu moja. Vaa glovu nene, na usishike karibu na kizuizi. Pia gari linatikisika. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, na matofali ya bloku yanapasuka bila kukuonya. Weka stendi mbili za chuma, na chini ya kila stendi weka ubao mpana, maana mchanga wetu unameza stendi taratibu wakati wewe umelala chini ukipiga.

Kamba au mnyororo, ukavutwa na gari jingine: hii ndiyo ile nisiyotaka uijaribu. Unavuta jointi, si kikombe, na shafti ikichomoka inakuja na spidi.

Ukiache kikombe ndani

Hapa narudi kwa maneno ya yule mzee. Kabla ya kupigana na klipu, jiulize unatoa shafti kwa ajili gani. Kama raba buti imechanika na jointi bado haina mlio wala mchezo, huhitaji kuitoa shafti kwenye giaboksi. Toyota nyingi jointi yao ya nje haikusudiwi kutenganishwa na shafti. Raba ya nje huingizwa kwa kupitia upande wa ndani. Kwa hiyo fungua mikanda ya raba ya ndani, weka alama ya rangi kwenye kikombe na kwenye shafti, telezesha shafti itoke pamoja na miguu yake mitatu, na kikombe kibaki kwenye giaboksi. Yaani kosa langu la siku ya kwanza, lakini kwa kukusudia na kwa usafi.

Ukilinganisha, njia hii inashinda zote kwa raba: oili ya gia haimwagiki, sili haiguswi, klipu haina habari. Kinachokutesa ni usafi. Grisi yote ya zamani itolewe, mchanga usiingie hata chembe, na grisi mpya iwe ya jointi, ile inayokuja kwenye kipakiti cha raba, usitumie grisi ya kawaida ya beringi. Tandika kanga ya zamani safi chini kabla hujafungua. Siku ya upepo acha.

Lakini kama giaboksi inavuja pembeni ya kikombe, au jointi ya ndani imekufa, au unaweka shafti kamili iliyonunuliwa Ilala, kikombe hakina budi kutoka. Hapo rudi kwenye mtaimbo, kisha slaidi hama.

Shafti ndefu yenye beringi katikati

Baadhi ya magari, hasa yenye injini kubwa kidogo, upande mmoja shafti inapita kwenye kishikio chenye beringi kilichofungwa kwenye injini. Hii ikigoma, aghalabu klipu haina hatia: ni beringi iliyoshikana na kishikio chake kwa kutu. Kupiga slaidi hama kwa saa nzima kutaharibu beringi kabla ya kusogeza kitu. Fungua boliti au ringi inayozuia beringi, lowesha kwa dawa ya kutu usiku mzima, halafu ugonge ukingo wa beringi kwa bomba la chuma lenye kipenyo kinacholingana nao. Ikigoma mara ya pili, nyumbani pametosha. Peleka gereji yenye lifti.

Nyumbani, au umwite fundi?

Gereji bubu ya karibu itafanya kazi hii haraka na mara nyingi vizuri. Ninachokiogopa ni fundi mwenye mtaimbo mmoja na haraka ya gari linalofuata. Kabla hujakubaliana bei, muulize mambo mawili: "Fundi, una slaidi hama?" na "Klipu mpya utaweka?" Akikujibu bila kusita, mwachie. Akisema klipu ya zamani inatosha, kainunue wewe mwenyewe umpe mkononi.

Mimi nafanya nyumbani ikiwa ni otomatiki ya kawaida au manyuo (gia za mkono) na nina siku nzima. Kwa gari la CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, nasita zaidi. Oili yake ni ya aina yake, na ukiimwaga kisha ukajaza oili ya otomatiki ya kawaida unaanza kuua giaboksi siku hiyo hiyo. Kama unatoa shafti kwenye CVT, nunua oili sahihi kabla hujafungua boliti hata moja, na pima uliyomwaga ili urudishe kiasi kile kile.

Na zote mbili zikihitaji kutoka, toa moja, irudishe, ndipo uende ya pili. Kwenye baadhi ya giaboksi, gia za difu zikikosa shafti pande zote huweza kuzunguka zikapishana na tundu lao, na kuzirudisha ni kazi nyingine ya kutwa.

Kurudisha ni kwepesi, ila usikimbie. Klipu mpya, mwanya wake ukitazama chini. Sili mpya kama umeigusa hata kidogo, na angalia namba, maana mara nyingi ya kulia na ya kushoto si moja. Paka mdomo wa sili oili ya giaboksi, ingiza shafti ikiwa imenyooka, sukuma kwa nguvu moja. Utasikia klipu ikiruka na kushika. Kisha shika kikombe, si shafti, ukivute kuelekea kwako: kama kinachezacheza kidogo lakini hakitoki, imekaa.

Nati ya habu iwe mpya kama ni ile ya ukingo wa kubonyeza. Kwa Vitz na Corolla za miaka ya 2000, Toyota wanataja Nm 216 (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kupimia, hiyo ni sawa na mtu wa kilo 70 kuweka uzito wake wote kwenye mpini, sentimita 31 kutoka katikati ya nati. Usilishushe gari kwa uzito wake wote kabla nati haijashika vizuri, kwa sababu beringi ya habu bila kukazwa na shafti inaumia hata gari likisukumwa hatua mbili. Na usisahau kubonyeza ule ukingo au kurudisha pini.

Ukimaliza, zunguka mtaani taratibu, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, sikiliza. Rudi, laza kadibodi safi chini ya giaboksi, uiache usiku kucha. Asubuhi inama uitazame kabla hujawasha gari.